Ukimzoea Mbwa, Atakufuata Msikitini

Kabla sijafika Leicester nilijua mambo mawili tu kuhusu mbwa: akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo; na akikufukuza, usikimbie. La kwanza nilifundishwa chuo cha Qur'ani, Magomeni Mapipa, Dar. La pili nilifundishwa na mbwa wenyewe, na kwa kuwa nilichelewa kulishika, nina kovu la bati la uzio mkononi mpaka leo.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: namwamsha mzee, namwogesha, nampa dawa na chai, nafunga mlango, nadandia basi kwenda kwa mwingine. Nyumba nyingi ninazoingia zina mbwa. Nchi hii ina mbwa zaidi ya milioni 10, nao wanapanda basi, wanapanda treni, wanaingia baa, wanalala kitandani. Nimemwona mbwa kavaa koti la mvua huku mwenye mbwa analowa.

Watu wa nyumbani wananiuliza, "Mnaishije na majibwa hayo?" Watu wa huku wananiuliza, kwa adabu, mbona Waislamu mnachukia mbwa. Maswali yote mawili yamenichosha kwa sababu ileile: kila muulizaji anadhani dini ndiyo jibu lote.

Basi tuanze na hiyo dini. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, si mate tu, hata unywele wake uliolowa. Lakini fiqhi hiyohiyo, yaani sheria ya ibada, inasema kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Kwa mtu wa Dar hiyo ni kanuni ya raha. Mbwa wa Magomeni mwezi wa pili ni mkavu kama kuni. Akikupitia ubavuni unakung'uta kanga, unaendelea na safari yako. Leicester hakuna kikavu. Mvua ya huku si masika, haina kishindo, ni manyunyu yanayoanza alfajiri na kukukuta bado uko njiani saa kumi jioni. Mbwa anatoka bustanini kalowa, anajikung'uta mlangoni, na baibui langu nalo limelowa. Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amrehemu, hali hii hakuwahi kuiona. Miezi ya mwanzo nilikuwa natembea na nguo za kuswalia kwenye mfuko wa nailoni, nazibadilisha kwenye choo cha kituo cha basi, nikitoka humo ndani wenzangu wa foleni wananitazama kama nimeiba kitu.

Nilipomlalamikia mwenzangu wa kazini, mwanamke wa Morocco, alicheka mpaka akakaa chini. Wao ni wa madhehebu ya Maliki. Kwa Imamu Malik, mbwa aliye hai ni safi, si najisi. Chombo alichokilamba unakiosha mara saba kwa kuwa umeamrishwa, basi, si kwa kuwa mate ni najisi. Hoja yake ni nyepesi na inakera kwa wepesi wake: Qur'ani, sura ya al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Tunakula alichokishika kwa meno, kisha tuyachukie mate yake? Wahanafi, ambao ndio wengi Leicester kwa sababu ya watu wenye asili ya Gujarat, wako katikati: mate ni najisi, manyoya si najisi. Kwa hiyo Ijumaa tunasimama safu moja, bega kwa bega, na mbwa wa nje anayepita barabarani ana hukumu tatu.

Sijahama madhehebu, na sina mpango huo. Ila nilikaa miaka ishirini na kitu Dar nikidhani hukumu yetu ndiyo Uislamu wote.

Halafu kuna lile tulilofundishwa nusu. Hadithi ya kuosha mara saba imepokewa na Abu Huraira, ambaye hata jina lake ni la paka. Mzaha wa kusema "ndiyo maana" nimeusikia, na nimewahi kuutoa mwenyewe. Lakini ni Abu Huraira huyohuyo aliyepokea hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda nacho kwa meno, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ya kwanza niliijua nikiwa na miaka sita. Ya pili niliisikia nikiwa mtu mzima, huku ugenini. Katikati ya umri huo, kila tulipotoka chuoni tulikuwa tunampopoa mawe mbwa koko wa jalalani, juzuu kwapani, na hakuna mtu mzima aliyetuambia acheni.

Kwa nini hakutuambia? Hapo ndipo nasema dini si jibu lote.

Mtaani kwetu mtoto mmoja aliumwa na mbwa kisigino. Kidonda kilikuwa kidogo, wakakifunga kitambaa, kikapona. Baadaye akaanza kuogopa maji. Sitaeleza zaidi, aliyewahi kuona anajua, na hali ikishafika hapo hospitali haina la kufanya. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Uingereza iliutokomeza ugonjwa huo kwa mbwa wake mwaka 1922. Mtoto wa Leicester ambaye babu yake hakuwahi kumwona mbwa mwenye kichaa atakosaje kumkumbatia mbwa? Na mama wa Magomeni aliyezika, umwambie nini? Ukimwumiza mbwa atakimbia, lakini ukimchanja, yeye na wenzake, mambo yanabadilika: wataalamu wanasema zikichanjwa asilimia 70 za mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Na ukiumwa, kabla ya kukimbilia sindano, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. (Sisemi kwamba hadithi ya mara saba ilikuwa inazungumzia virusi. Siwapendi watu wanaotafuta maabara ndani ya kila hadithi. Nasema osha.)

Jingine ni geti. Marehemu baba hakutuachia kitu, kwa hiyo mama alikuwa anafua nguo kwenye nyumba moja Oysterbay, kila Jumamosi, miaka sita. Mimi nilikuwa namsindikiza kubeba beseni. Getini palikuwa na kibao: MBWA MKALI. Mwenye nyumba hakuwa anajua Kiswahili hata cha kununulia nyanya, lakini kibao kilikuwa cha Kiswahili. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba kibao kile hakikuandikwa kwa ajili ya wageni wake. Yule mbwa aliona magari yanaingia na kutoka akakaa kimya. Mama yangu, aliyemjua tangu akiwa mdogo wa kubebeka, alimbwekea mpaka Jumamosi ya mwisho. Alikuwa anakula nyama ya mchanganyiko ambayo sisi tuliionja Idi. Mji wetu ulipangwa na wakoloni kwa mafungu, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na mbwa wa geti alirithi kazi ya kukumbusha mipaka. Sasa mwambie mtu wa Uswahilini kwamba anamwogopa mbwa kwa sababu ya kitabu cha fiqhi.

Huku nina bibi mmoja ninayekwenda kwake asubuhi. Jina lake silitaji. La mbwa wake nitalitaja maana hatanishitaki: Archie. Ni mzee, jicho moja lina ukungu, na kila nikiingia ananipokea kwa ulimi, mkono wa kulia, bila kukosea. Kumlisha ni sehemu ya kazi yangu, imeandikwa. Nilianza kubeba chupa tupu ya jamu iliyojaa udongo wa bustani ndani ya mkoba. Namaliza kazi, najifungia jikoni, nachota kijiko cha udongo, nasugua, kisha maji mara sita. Siku moja bibi akaiona chupa mezani. "Nini hiki, bata?" (Leicester kila mtu anaitwa bata. Ni mapenzi. Kwetu ukimwita mtu kwa jina la mnyama jiandae kukimbia.) Nikasema uongo, eti ni udongo wa maua.

Uongo ule ulinikereketa wiki mbili. Nikamweleza: si kwamba Archie ananitia kinyaa, ila nina swala tano, na ulimi wake una utaratibu wake. Alikoroga chai muda mrefu. Nikajua kazi imekwenda. Kisha akasema, "Mume wangu alikuwa fundi magari. Alinawa kwa mchanga maisha yake yote. Sabuni haitoi grisi." Hakuongeza neno. Jumatatu iliyofuata nilikuta chungu cha maua kando ya sinki, hakina ua, udongo mtupu uliochekechwa, na kijiko kikuukuu kimechomekwa ndani.

Nimekwisha kugombana na Waislamu wenzangu wanaosema wazungu hawatuelewi. Wengi hawatuelewi, ndiyo, lakini wengi wetu hatujawahi kuwaeleza. Tunaruka pembeni, tunavuta nguo, tunakunja uso, basi. Mtu aliyeona hivyo atasemaje zaidi ya kwamba tunachukia?

Wala sijawa mpenda mbwa. Mbwa kwenye kigari cha mtoto bado ananishinda. Keki ya siku ya kuzaliwa ya mbwa inanishinda zaidi. Katika nchi hii chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa mwaka 1824, na cha kuwalinda watoto kikafuata mwaka 1884, miaka 60 baadaye. Nikiwa na hasira takwimu hiyo naitoa mfukoni. Nilikuwa pia nasema, kwa sauti ya kujua, kwamba mbwa huku anafanya kazi ya wajukuu, maana watoto wa yule bibi wako mbali na kiumbe pekee anayehema ndani ya nyumba usiku ni Archie. Nikaacha kusema siku niliyojisikia. Mimi niko Leicester. Mama yangu yuko Magomeni. Na mbwa hana.

Kuna kaka mmoja wa Temeke anaendesha teksi hapa. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimu kumchukua abiria asiyeona pamoja na mbwa wake mwongozaji, bila nauli ya ziada, na udhuru unaokubaliwa ni wa kiafya, wenye cheti. Alinijia akitaka nimwonee huruma. Sikumwonea. Mbwa yule analala miguuni pa mwenyewe, hagusi kiti, na la kuosha ni kapeti la chini. Kumwacha kipofu kwenye manyunyu usiku ili kapeti libaki safi, hilo ndilo lingenipa shida siku ya hesabu.

Kwetu tunasema ukimzoea mbwa atakufuata msikitini, tukimaanisha usimpe mtu nafasi. Hapa Leicester ilitokea kweli: mwaka 2008 kijana asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, wanazuoni wakakubali, mbwa akatengewa mahali pa kupumzika nje ya ukumbi wa swala, mwenyewe akaingia kuswali. Niliposimuliwa nilikumbuka sura ya al-Kahf, ambayo tunaisoma kila Ijumaa tukikimbiza aya: vijana wamelala pangoni, "na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini." Kizingitini, hapo ndipo alipotajwa.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na wenzake nyuma ya genge, mawe mkononi, wamembana mbwa jike mwenye ziwa zinazoning'inia. Nikawafukuza. "Shangazi, si haramu huyo?" Nikamwuliza nani kamwambia mbwa ni haramu kuishi. Akanitazama kama wale wa foleni ya choo cha kituo cha basi.

Usiku yule mbwa akaja barazani, akasimama mbali, penye mwanga wa taa ya jirani. Joto la Januari, kinywa wazi. Nikachukua kopo la rangi lililokuwa chini ya bomba, nikalijaza.

"Unampelekea nani?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Mbwa, mama. Ana kiu."

Akanyamaza kidogo. "Kopo hilo?"

"Hili la rangi."

"Lile la bluu usilitie mkono, ndilo langu la udhu," akasema, akajigeuza upande wa ukutani. "Na ukimaliza, hilo mpe moja kwa moja. Silitaki tena hapa."