Magunia Mawili, Ukubwa Mmoja

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Goma. Nalisema hili mapema ili mnihurumie.

Shemeji yangu alifunga gereji, takataka zake akaziacha uani kwangu. Mama watoto alipochoka kuziruka, watoto wakazipakia kwenye magunia mawili ya mchele. Moja la alumini: sufuria zilizotoboka, pistoni, kichwa cha injini. Jingine la chuma: diski za breki, springi, vipande vya nondo. Yote yakajaa hadi mdomoni.

"Ukishauza, leta sambaza," mama watoto akaniagiza, yaani wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.

Kijana wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, alitaka kuyalaza magunia katikati ya ubao. Nikakataa, maana nilitaka pa kukaa. Nikamwambia ayafunge mdomo kwa mdomo, yaning'inie huku na huku kama mzigo wa punda. La alumini akalinyanyua peke yake. La chuma alilishika, akaliacha, akapumua, akaita mwenzake.

"Yaya, hili ni zito sana. Chukudu italala."

"Mdogo wangu, tumia macho. Magunia mawili, ukubwa mmoja. Hiyo ni hesabu."

Akanitazama vile wanavyotutazama sisi wenye mashati ya pasi.

Mteremko ulipoanza, yeye alikata usukani kulia, chukudu ikaenda kushoto. Akaruka, kwa sababu ana uzoefu. Mimi nikabaki nimekumbatia hesabu yangu. Gunia la chuma likatangulia chini na kupasuka, diski moja ikabiringika peke yake kuelekea ziwani kama imeitwa. Mimi nikatua kwenye beseni la sambaza. La alumini likanifuata, likanilalia mgongoni, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda alumini. Lingekuwa lile jingine, hadithi hii mngesimuliwa na shemeji.

"Papa, unaogelea kwenye sambaza zangu?" mwenye beseni akauliza.

Sikuwa na jibu. Pesa pia sikuwa nazo, kwa hiyo mama yule akatusindikiza mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, beseni kichwani, akinisimulia kwa kila aliyepita njiani.

Mzee wa mizani akatundika magunia. Alumini kilo 21. Chuma, ukiacha ile diski iliyotoroka, kilo 58. Nikadai mizani yake ni mbovu. Akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kipande cha pistoni mkono wa kulia na kipande cha diski mkono wa kushoto, vyote sawa na kiberiti. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe.

"Sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7," akasema. "Ya chuma inakaribia 7.9. Karibu mara tatu, mwalimu."

Mwenzangu wa fizikia hufundisha jambo hili nyuma ya ukuta wa darasa langu kila mwaka. Mimi huwa nagonga ukuta apunguze sauti.

Kisha mzee akatoa sumaku ya spika iliyokufa, akaipitisha juu ya beseni. Zikanasa nati mbili na kipande cha waya. Vipande vya alumini viligoma kabisa, sumaku haina habari navyo, ikabidi niviokote kimoja kimoja kati ya vichwa vya sambaza huku kijana wa chukudu akinimulikia kwa simu na kucheka.

Wakati wa kulipwa ndipo nilipokasirika kweli. Lile gunia jepesi liliingiza pesa nyingi kuliko zito. Kumbe kilichonitupa barabarani ndicho chenye bei ya chini! Nikalipa sambaza, beseni zima, nikalipa chukudu, nikabaki na nauli ambayo sikuthubutu kuitumia, maana hakuna dereva wa pikipiki angenipakia na ile harufu.

Nilifika nyumbani jioni, paka watatu nyuma yangu. Mama watoto akafurahia wingi wa sambaza, akaziosha, akaziosha tena. Akachukua moja kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye taa.

"Papa," akasema, "tangu lini sambaza zinashika kutu?"