Halikuwa choo

Halikuwa choo. Naanza na hilo kwa sababu Hamisi wa Ujiji, mwenyeji wangu na rafiki yangu mpaka Alhamisi saa tano asubuhi, ameshasambaza kwenye magrupu yote ya Mombasa kwamba nimetumbukia chooni nikiwa likizo Kigoma. Lilikuwa shimo la kuloweka mihogo. Kuna tofauti, na nitaitetea hata kama video haioneshi.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wakienda nchi za watu hutafuta ufukwe, mimi natafuta namba. Mchezo huu wa kusaka nukta ya siku kwenye ramani, geohashing, aliuleta mchora vibonzo wa Marekani, Randall Munroe, mwaka 2008. Unaandika tarehe ya leo, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Unaweka kistari, halafu kipimo cha hisa cha Dow Jones kilivyofungua New York, pamoja na desimali zake mbili. Mstari huo unaupitisha kwenye MD5, kanuni ya kompyuta inayosaga maandishi yoyote, unatoka msururu wa herufi na tarakimu 32. Unaukata katikati: 16 za mwanzo zinageuzwa kuwa desimali za latitudo, 16 za mwisho desimali za longitudo. Unazibandika baada ya nyuzi kamili za mraba uliopo (ramani imekatwa miraba ya nyuzi moja moja), ambazo kwa Kigoma ni 4 kusini na 29 mashariki. Basi, unaenda hapo. Zawadi hakuna. (Faida yake msiniulize, hata mke wangu ameacha kuuliza.)

Shida ni kwamba mraba wa Kigoma una roho mbaya. Una kama kilomita 111 kila upande, lakini katikati limejilaza Ziwa Tanganyika, magharibi ni Congo, kaskazini Burundi. Nilikaa siku nne nukta ikianguka majini, na ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 1,470. Alhamisi ikaanguka nchi kavu, bondeni mashariki ya mji, kilomita 13 tu kwa mstari ulionyooka. Niliruka kitandani kama mtoto wa Idi.

Nikaiingiza kwenye simu. Simu ikasema: kilomita 1,080.

Nilikuwa nimesahau alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta ukiiacha hiyo, ramani inakuvusha upande wa pili, na mimi nilikuwa napelekwa Sudan Kusini. Hamisi akauliza kama huko kuna bodaboda anayemjua. Hapo ningesoma alama za nyakati, lakini nani husoma?

Bodaboda alitutoa mjini, tukaacha lami, tukashuka kwenye michikichi, mwisho tukatembea. Ramani nilikuwa nimeipakua usiku kwa sababu GPS haihitaji mtandao, ila picha ya ramani inauhitaji. Mgongoni powabenki. Desimali niliweka tano, maana nne zinakupa mita 11 na mimi nilitaka mita moja. Yaani nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutazama ninapokanyaga.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo Hamisi anapodanganya.

Mita 40. Kuna kijito, kando yake migomba. Mita 25. Mshale wa simu unageuka nyuma. Ukisimama mshale hupotea, kwa sababu GPS yenyewe inajua ulipo tu, haijui umetazama wapi mpaka utembee. Kwa hiyo dawa ni kutembea. Natembea. Mita 17. Mita 11. Duara la bluu linanionya kwamba chini ya miti kosa lake linaweza kufika mita 8, silisikilizi. Kando ya kijito kuna majani ya migomba yametandazwa vizuri, na mawe juu yake. Nikayaona. Naapa niliyaona. Nikawaza, watu wa huku wasafi, hata majani wanayapanga.

Mita 6. Mita 4.

Mguu wa kulia ulishuka ukaendelea kushuka. Wa kushoto ukaufuata kwa mshikamano. Majani yakanikumbatia, maji ya uvuguvugu yakapanda magotini, mapajani, yakasimama pale ambapo mwanamume hapendi maji yasimame. Chini nilikuwa nimekanyaga kitu laini kinachopondeka kama ndizi mbivu, na kila nikijinasua kilipondeka kingine. Kisha harufu ikafika. Wasioijua: mihogo michungu ina sumu, ndiyo maana huwekwa majini siku tatu, nne, ichachuke na kulainika kabla ya kuanikwa na kusagwa. Unga wake wa kivunde unatoa ugali mtamu. Lakini siku ya tatu, ikiwa bado shimoni, inanuka kama mguu wa askari aliyelala na buti.

Mkono wa simu nilikuwa nimeuinua juu. Simu ilisoma mita 0.

Nilipoinua macho, bibi mmoja amesimama ukingoni na kisu cha kumenyea mkononi, watoto saba nyuma yake. Kimya. Mimi, mtoto wa Mombasa niliyelelewa, nikafanya kilichokuja kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akajibu. Kaangalia simu, kaangalia mihogo, kaniangalia mimi. "Unatafuta nini humo?"

"Namba, bibi."

Mtoto mmoja akakimbia kwenda kuita wengine. Mzee mmoja alipofika alitaka tu kujua kama kimashine changu kinaonesha mali aliyofukia Mjerumani, na alipoambiwa hapana akaondoka na heshima yake. Stanley alimkuta Livingstone papa hapa Ujiji, 1871, bila simu, na hakuna popote palipoandikwa kwamba alifika akinuka. Hamisi wakati wote huo alikuwa ameegemea mgomba, anarekodi.

Yaliyofuata mafupi. Nilivutwa kwa mpini wa jembe, nikaoshwa kijitoni mbele ya kijiji, nikatozwa shilingi elfu thelathini za shimo zima, bodaboda akakataa kunipakia mpaka niongeze hela, na Hamisi alinikalisha nje ya nyumba yake hadi magharibi.

Sasa hili msimwambie Hamisi. Usiku nilirudia hesabu. Sisi tulio mashariki ya longitudo ya nyuzi 30 magharibi tunatumia kipimo cha ufunguzi wa siku iliyotangulia, maana New York wakifungua soko, huku imeshafika saa kumi na nusu jioni, na msimu wao wa baridi saa kumi na moja na nusu. Hilo nililijua, nikachukua ya Jumatano. Ila nilichukua bei ya kufunga badala ya kufungua. Na MD5 haina huruma: badilisha tarakimu moja, msururu wote unageuka. Nukta halisi ya Alhamisi ilikuwa majini, ng'ambo, karibu na Congo.

Kuhusu mihogo, bibi alisema aliyelipa ndiye mwenye mali. Akaipakia kwenye viroba viwili, akanifungia vizuri. Ipo juu ya bati la Hamisi tangu Alhamisi na inataka jua siku mbili nyingine. Tiketi nimeshaisogeza. Naandika haya nimekaa chini ya ukuta na fimbo, nafukuza kuku.