Pweza, silikanti na gharama ya ubongo

Mtu akijiletea balaa kwa mikono yake, huambiwa amejipalia makaa kama pweza. Juzi, soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, muuzaji alimkata pweza mkono akautupa kwenye beseni. Mkono ule ukang'ang'ania plastiki kwa vile viduara vyake vya kunyonyea, ikabidi aubandue kwa nguvu. Mzee mmoja pembeni akacheka: "Hana akili huyu! Mkono haujui kama mwenyewe keshakufa."

Kumbe akili nyingine imo humo humo mkononi. Na hapo ndipo penye ubishi wa siku nyingi: je, maumbile yanaelekea kwenye akili kubwa, au akili ni gharama isiyolipa kila mahali? Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko kwenye mikono yake minane, ndiyo maana mkono hausubiri amri ya kichwa kwa kila kitu. Ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, tangu kwa kijinyama fulani kama mnyoo. Ina maana ubongo mkubwa umejengwa zaidi ya mara moja, kila upande kivyake. Wanaosema maumbile yanaelekea kwenye akili hapo wana hoja, tena nzito.

Ila ubongo una gharama. Wa binadamu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukipumzika hula karibu asilimia 20 ya nishati. Konyeza hana ubongo kabisa, ana wavu wa neva tu, na bahari hajaihama. Halafu yuko silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu Tanzania alianza kunaswa na majarife mwaka 2003, na mwaka 2009 hifadhi yake ikaanzishwa. Kwa silikanti aliyekomaa, ubongo hujaza kama asilimia 1 tu ya nafasi ya fuvu. Palipobaki pamejaa mafuta. Na anaweza kuishi karibu miaka 100! Pweza wa miambani kwetu, na ujanja wake wote, kwa kawaida hamalizi mwaka wa pili.

Mimi naegemea upande wa gharama, ingawa huo umri wa silikanti nisingeufanya ushahidi: anaishi kwenye maji ya kina, yenye baridi, mwili ukienda polepole, na hilo halimaanishi kwamba ujinga unarefusha maisha. Pweza naye mababu zake waliliacha gamba, akabaki nyama tupu inayotamaniwa na kila mwenye meno. Ujanja ndio gamba lake.

Kinachonisumbua ni kwamba mama hufa mayai yakishaanguliwa, au karibu na hapo. Kifaranga hafundishwi na mtu. Ubongo wote ule ni wa msimu mmoja, na kila anayezaliwa anaanza upya, peke yake, kwenye tundu la mwamba.