Bunduki na kalamu zisikae mkono mmoja

Nikipiga simu nyumbani Kenya na mazungumzo yakafika kwa polisi, swali huwa ni lile lile: "Huko kwenu nao wanaua?" Huko kwenu! Miaka kumi na minne London imetosha kunifanya mtu wa huko. Najibu kwamba wanaua, ingawa ni kwa nadra. Kati ya polisi zaidi ya 140,000 wa Uingereza na Wales, wanaoruhusiwa kubeba bunduki ni kama 6,000 hivi, na mwaka mzima unaweza kupita huku risasi zao zikihesabika kwa vidole. Lakini siku hizi kinachonikosesha usingizi ni kile kinachoandikwa baada ya risasi kulia, na nani anayekiandika.

Nianze na langu dogo. Baridi moja nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku, askari wawili wakanisimamisha. Walikuwa wakimtafuta mtu aliyevunja gari, mwanamume mweusi, koti jeusi. Kwa mtaa ninaoishi mimi, hiyo ni nusu ya wanaume wote waliokuwa kwenye kituo cha basi. Kabla ya kunigusa mfuko, mmoja alinitajia jina lake, kituo chake, anachotafuta na sheria inayomruhusu kunipekua. Walipata funguo na chaja. Kisha akaniandikia karatasi na kunikabidhi, saa, mahali, sababu, namba yake. Nilikuwa nimefura kwa hasira, na nilikuwa na haki, kwa sababu mtu mweusi hapa hupekuliwa takriban mara nne zaidi ya mzungu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nimekuja kuimba sifa za polisi wa ughaibuni. Ila ile karatasi nilikwenda nayo nyumbani, na mpaka leo iko kwenye droo.

Sasa la shangazi yangu. Mwanawe, binamu yangu, aliuawa na polisi kwa risasi. Mwaka na mtaa nitauacha kwa sababu shangazi bado anaishi palepale. Familia ilipata habari kupitia redio. Washukiwa watatu walikaidi amri ya kusimama, wakawafyatulia maafisa risasi, maafisa wakajibu, mmoja akafariki papo hapo, wawili wakatoroka na majeraha, bastola ya kujitengenezea na risasi kadhaa zikapatikana. Mkenya yeyote anaweza kuikariri taarifa hiyo akiwa amefumba macho. Hubadilishwa jina la mtaa tu. Wale wawili wenye majeraha, katika maisha yangu yote, sijawahi kusikia wamefika hospitali yoyote.

Shangazi alizunguka siku mbili. Mochari mwili ulikuwa umeandikishwa kama wa mwanamume asiyejulikana, na kijana alikuwa ameondoka nyumbani na kitambulisho mfukoni. Kituoni walimkalisha kwenye benchi hadi jioni, halafu wakamtajia namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, akaiandika mwenyewe nyuma ya risiti kwa kalamu ya kuazima. Hiyo ndiyo hati yote aliyonayo ya serikali kuhusu kifo cha mwanawe. Na kwenye kitabu chenyewe cha OB nani aliandika? Aliyefyatua, au mwenzake wa zamu.

Taarifa ya kwanza ya polisi hudanganya kila mahali. Hili nimelisadiki baada ya kukaa pande zote mbili. Mwaka 2005, Julai 22, polisi wa London walimmiminia Jean Charles de Menezes risasi saba kichwani ndani ya treni, kituo cha Stockwell. Alikuwa fundi umeme kutoka Brazil, wakamdhania gaidi. Siku zile tukaambiwa alivaa koti zito kupita kiasi na aliruka kizuizi cha tiketi akikimbia. Hakuruka kitu. Alipita na kadi yake kama abiria mwingine. Mwaka 2011 polisi walipomuua Mark Duggan kule Tottenham, London, chombo chenyewe cha kuwachunguza polisi kiliwaachia waandishi wa habari waamini kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi. Baadaye kikakiri huenda kiliwapotosha. Mlinzi wa mlinzi naye alikuwa amebeba uongo wa yule anayemlinda!

Na nyumbani, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Tukaambiwa amejigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa, na mwili uliochakazwa kila mahali. Ukuta gani unaokaba shingo? Siku chache baadaye Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti kuomba radhi kwa taarifa ile, na mwezi huohuo watu sita wakashtakiwa kwa mauaji, wakiwamo polisi watatu.

Wengine wanasema hiyo ni dalili kwamba mambo yamebadilika. Mimi nauliza kwa nini yalibadilika kwa Ojwang na si kwa binamu yangu. Kwa Ojwang nchi nzima ilikuwa macho, na wapasuaji walikuwepo, familia ina wakili, kamera zinatazama. Binamu yangu alikuwa na mama yake peke yake na risiti.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya huku. Huku polisi akiua, si lazima nchi iwe macho ndipo kalamu imtoke mkononi. Wachunguzi wa nje, ambao tangu 2018 wanaitwa IOPC, huchukua kesi bila kusubiri mama aje kulia. Kisha kuna mchunguzi wa vifo (coroner), na wananchi wa kawaida huketi kama baraza la mahakama kusikiliza nani alifanya nini. Kwa Menezes, mwaka 2008, baraza hilo lilimsikia polisi akiapa kwamba alipiga kelele kujitambulisha kabla ya kufyatua, na likasema halimwamini. Jaji alikuwa ameshawakataza kusema kwamba mauaji yalikuwa kinyume cha sheria, basi wakakataa pia kusema yalikuwa halali.

Haki yenyewe je? Hakuna polisi aliyeshtakiwa. Jeshi lao la polisi lilitozwa faini ya pauni 175,000 kwa sheria ya usalama kazini, sheria ile ile inayohusu ngazi zinazotikisika na sakafu zenye maji. Mwaka 2024 polisi aliyemuua Chris Kaba, kijana mweusi wa London, alisimama mahakamani kwa shtaka la mauaji na akaachiliwa baada ya baraza kujadiliana kama saa tatu. Mwaka mmoja kabla, aliposhtakiwa tu, wenzake wengi walirudisha bunduki zao kugoma. Sikupendezwa hata kidogo. Lakini video zilichezwa mahakamani, aliyefyatua akahojiwa hadharani, na mimi nikiwa kwenye basi nikasoma kila swali aliloulizwa.

Tusidanganyane kwamba Kenya haina sheria. Tunazo, na nyingine ni nzuri kuliko za huku. IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011. Sheria ya polisi ya mwaka huohuo inaamuru afisa aliyesababisha kifo aripoti mara moja na IPOA ijulishwe, na kila aliyevaa sare awe na jina au namba inayoonekana. Kisha njoo maandamano ya kupinga kodi yaliyoanza Juni 2024, ambapo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 60, na miongoni mwa polisi wakaonekana wanaume waliofunika nyuso, nguo za kiraia, gari bila namba. Mtu wa namna hiyo utamwandika kwa jina gani?

Na anayelalamika je? Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na polisi, akathubutu kupeleka malalamiko IPOA. Juni 2016, akitoka mahakamani Mavoko na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa wote watatu. Wakiwa wamefungiwa katika kambi ya polisi, Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni na kuutupa nje, mkewe apigiwe simu, wako hatarini. Miili ilitolewa mtoni. Hukumu ilikuja 2022 na adhabu 2023. Mpaka leo, mtu akinishauri nimwambie shangazi aende kulalamika, nakumbuka karatasi ile ya chooni.

Rafiki yangu mwenye matatu, aliyeibiwa mara mbili kwa bunduki, hunijibu: "Wewe uko kwenye usalama, sisi majambazi tunalala nao." Hana kosa la kuogopa, na sina jibu la kumtuliza. Namkumbusha tu Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, aliyepigwa risasi kwenye roshani ya kwao Kiamaiko Machi 2020, usiku wa kafyu. Naye rafiki yangu hunyamaza kidogo, halafu tunaongea mengine.

Kilichonirudisha kuandika ni kauli ya Rais William Ruto, Julai 2025, kwamba wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Huku polisi wenye silaha hufundishwa kulenga kifua, kwa sababu mguu unaokimbia haulengeki na paja lina mshipa unaoweza kummaliza mtu kwa dakika chache. Ndiyo maana hawaruhusiwi kufyatua ovyo. Kauli ile haikumpunguzia mtu hatari. Ilichofanya ni kumwandikia polisi taarifa yake mapema: nilimlenga mguu, akainama.

Kama ningeulizwa tuanze wapi, ningesema kwa mchunguzi wa vifo. Sheria ya kuunda huduma hiyo ilipitishwa 2017 kisha ikaachwa kabatini miaka na miaka. Ifunguliwe ofisi, ipewe fedha zake isiziombe kwa polisi, na familia ipewe nakala ya kila kilichoandikwa kwenye OB siku hiyohiyo, ikiwa imepigwa muhuri.

Wiki iliyopita nilimsimulia shangazi habari ya ile karatasi yangu ya kupekuliwa. Akataka nimsomee. Nikaitoa kwenye droo nikamsomea yote, jina la askari, namba yake, saa, sababu.

"Na hukuwaomba wakuandikie?"

"Sikuwaomba, shangazi."

Akakaa kimya nikadhani laini imekatika. Halafu akaanza kunitajia namba ya OB, tarakimu moja moja, kwa kichwa, akinitaka niandike na mimi.