Ghorofa mpya, bomba lilelile

Halmashauri ya jiji imeamua mtaa wetu wa nyumba za chini ugeuke msitu wa maghorofa. Watu wanahitaji makazi, hilo halina ubishi. Lakini bomba la majitaka ni lilelile lililotandazwa kwa hesabu ya familia moja kila kiwanja! Familia ishirini zikivuta choo asubuhi moja, uchafu uende wapi? Mbinguni? Maji safi yenyewe tayari yanafika jikoni yakihema. Na mkishasakafia kila uwanja, mvua itanywewa na nani? Eti tulishirikishwa! Tangazo ukutani, kikao saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wenzangu, nani kati yetu alikuwepo? Jamani, panueni bomba kwanza, ndipo mpandishe ghorofa!