Barua kwa rafiki aliyebaki nyumbani

Ughaibuni mtu hukosa muda, si salio. Intaneti haikatiki, na bado urafiki wa nyumbani huchakaa, kwa sababu mazungumzo yote yamekuwa ya mbio: salamu za asubuhi, picha moja, "nitakupigia". Nyumbani rafiki hupita bila miadi, na mambo madogo yasiyo na haraka hupata nafasi yake. Hayo ndiyo hupotea kwanza mtu akihama, na naamini barua ya mkono huyatunza kuliko simu. Waliosema barua ni nusu ya kuonana hawakukosea.

Karatasi moja inatosha. Anayepania kurasa sita huahirisha mpaka asiandike kabisa. Usimalize nusu ya ukurasa ukiomba radhi kwa kuchelewa. Jibu kwanza alichouliza, kisha eleza jambo moja kwa utulivu, kwa mfano jinsi kazi inavyokubadilisha. Msiba, ugonjwa na mambo ya pesa yapelekwe kwa simu, maana barua inaweza kuchukua wiki kadhaa. Maliza kwa swali ambalo jibu lake haliharibiki kwa kungoja. "Habari za huko?" haimfanyi mtu ashike kalamu. "Fundi anayekufundisha sasa anakuachia kazi gani peke yako?" humfanya.

Juu weka tarehe na namba ya barua. Barua hupishana njiani na nyingine hupotea. Akipokea ya 4 kabla ya ya 3, atajua kuna pengo na hatadhani umemkwepa swali. Ipige picha kabla ya kufunga bahasha, kwani jibu likifika utakuwa umeshasahau uliandika nini.

Tumia peni ya kawaida. Wino wake una mafuta, hivyo hauchuruziki bahasha ikilowa, tofauti na wino mwingi wa jeli. Peni za wino unaofutika ziepuke kabisa: maandishi yake hutoweka yakipata joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani linaweza kuyafifisha.

Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Ikunje mara mbili, itaingia bahasha ya C6, yaani milimita 114 kwa 162. Karatasi tatu na bahasha yake hukaribia gramu 20, kiwango cha kwanza cha nauli katika nchi nyingi. Ukizidisha bila kuongeza stempu, barua hurudishwa au rafiki hudaiwa tofauti, jambo la aibu. Pini na sarafu hukwama kwenye mashine za kuchambulia barua.

Ughaibuni barua mara nyingi hufika mlangoni, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba rafiki pengine anatumia sanduku la posta la kazini au la ndugu. Andika jina lake, chini yake la mwenye sanduku, kisha namba, mji, na nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Anwani yako iwe nyuma ya bahasha.

Jibu lisipokuja baada ya miezi miwili, usihesabu zamu wala kulaumu. Huenda kufika posta kunamgharimu nusu siku. Andika namba inayofuata.