Mzigo ndani ya seli: ni kuvuta kamba, au kuna anayepanga?

Ngisi wanaouzwa Feri, hapa Mtwara, wana neva nene kiasi cha kuonekana kwa macho, imelala upande wa ndani wa mnofu. Wanaowasafisha huipitia kwa kisu wala hawana habari nayo. Jamaa ya ngisi hao, wa pwani ya Massachusetts, Marekani, ndio waliowasaidia Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz kuitambua kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli, mwaka 1985. Ute wa ndani ya neva hiyo ukikamuliwa na kuwekwa chini ya darubini yenye kamera, vifuko vidogo vinaendelea kusafiri humo ingawa neva yenyewe imeshakatwa.

Vinasafiri juu ya mikrotubuli, mirija ya protini yenye upana wa nanomita 25 hivi. Kila mrija una ncha mbili zisizofanana, chanya na hasi. Kinesini nyingi huelekea ncha chanya, ambayo kwenye mkia mrefu wa neva, yaani aksoni, iko upande wa mwisho wa neva. Protini za kuvuta mizigo namna hii huitwa mota. Ya pili, dainini, inarudi upande wa kiini cha seli. Kinesini hupiga hatua za nanomita 8, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Hayo hayana ubishi.

Ubishi unaanzia hapa: mzigo mmoja mara nyingi umeshikwa na kinesini na dainini kwa wakati mmoja. Unakwenda, unasita, unarudi, unakwenda tena. Nani anaamua?

Kundi la kwanza la wanasayansi linasema hakuna anayeamua, ni mchezo wa kuvuta kamba. Mwaka 2008 Müller, Klumpp na Lipowsky walionyesha kwa hesabu kwamba hilo linawezekana kabisa. Mota ikivutwa sana huachia mrija. Moja ikiachia, wenzake wa upande huo wanabaki na uzito mkubwa zaidi, nao wanaachia. Kwa hiyo mzigo haukwami katikati, unakimbia upande wa washindi hadi bahati igeuke. Napenda nadharia hii kwa sababu haihitaji msimamizi aliyejificha mahali. Tena ina ushahidi wa macho: mwaka 2009 Soppina na wenzake walitazama vifuko ndani ya Dictyostelium, kiumbe mdogo wa udongoni, wakaviona vikirefuka kabla ya kugeuza safari. Kitu kinachorefuka kinavutwa pande mbili. Ni vigumu kukwepa hilo.

Sasa upande wa pili. Aliyewahi kutazama fainali ya kamba kwenye SHIMIWI, michezo ya watumishi wa serikali, anajua timu moja ikiachia ghafla kinachotokea: wa upande wa pili wanaondoka na kamba yote na kuanguka chali. Ndani ya seli mara nyingi haiwi hivyo. Wachunguzi wa inzi wa matunda walipoiharibu kinesini, safari za dainini nazo zilidorora, na walipoiharibu dainini, kinesini nayo ikalegea. Wapinzani gani hawa wasioweza kwenda mmoja bila mwingine? Ndipo kundi hili linapotaja protini za viunganishi, zinazofunga mota kwenye mzigo na kuamua ipi ifanye kazi. Mwaka 2013 Fu na Holzbaur walionyesha kwamba kiunganishi kiitwacho JIP1 kinaweza kubadili mwelekeo wa mzigo kwa kubandikwa au kubanduliwa fosfeti, kipande kidogo cha kemikali. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba dainini ya mamalia haifiki mbali mpaka iungane na protini msaidizi, dainaktini, pamoja na kiunganishi kama BICD2.

Wa kamba nao wana hoja, na iliyo bora kwangu ni ya mwaka 2009. Ally na wenzake waliondoa kinesini ya kawaida kwenye seli za inzi, wakaweka aina nyingine kabisa ya kinesini, na safari za dainini zikarudi. Kama kungekuwa na msimamizi anayemjua kila mfanyakazi wake, mgeni yule asingekubalika. Inaelekea kule kuvutwa kwenyewe ndiko kunakoiamsha mota ya upande wa pili.

Hata hivyo naegemea viunganishi, na sababu yangu ni urefu. Neva inayofika kidole cha mguu cha mtu mzima ina urefu wa karibu mita moja, na mizigo ya haraka hupita humo kwa milimita 200 hadi 400 kwa siku. Mzigo unaogeuka ovyo kwa bahati tu, umbali ukiongezeka mara kumi muda wake unaongezeka mara mia. Usingefika. Ni kweli wa kamba wanaweza kusema upande mmoja una mota nyingi zaidi, lakini hapo lazima watuambie nani kaziweka nyingi, na swali linarudi palepale.

Huku kwetu jambo hili si la maabara tu. Lindi na Mtwara zilikuwamo katika mradi wa majaribio ulioratibiwa na WHO wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na virusi hivyo hupanda kwenye ubongo kwa njia hii hii, vikivutwa na dainini. Mwaka 2014 watafiti waliviona vikisafiri pamoja na p75NTR, protini ya neva inayopokea ishara (kipokezi), ambayo tayari ina safari yake ya kurudi upande wa kiini. Virusi havishindani na kinesini kwa nguvu, vinadandia mzigo ulioshapangiwa mwelekeo. Safari hiyo ndiyo inayompa aliyeng'atwa mguuni muda, kwa kawaida, kuliko aliyeng'atwa usoni, ingawa wote wawili wanapaswa kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi chanjo hospitali.

Mtu akinionyesha mzigo uliovuliwa viunganishi vyote vya kuchagua mota, ukabaki na kinesini na dainini tu, na bado ukafika mwisho wa neva ndefu kwa siku zilezile, nitahamia upande wa kamba.